Gorogoro Tatu

Neno lenyewe lina kigugumizi:
gorogoro.
Limejirudia kabla sijalirudia mimi,
na bado lilipofika mdomoni
lilikwama kama ng'ombe mlangoni pa josho,
kichwa ndani, mwili nje,
haendi, harudi.

Darasani, Chavakali, waliniita Pikipiki Baridi.
Nikiinuka kusoma, dawati la nyuma
lilinipigia kiki: vrr, vrr, vrr.
"Imewaka?"
"Bado!"
Mwalimu alitazama saa yake,
kisha akamwita anayefuata.

Mnadhani maumivu yalinifundisha huruma?
Yalinifundisha kulenga.
Asiligwa alipokuja na sweta ya dadake,
vifungo upande wa kike,
ni mimi niliyemnyooshea kidole
(kidole hakina kigugumizi),
na darasa lilipocheka nilihisi joto
la mtu aliyeona mvua
ikihamia paa la jirani.

Jumamosi nikatumwa kinuni.
Debe kichwani, unga umeisha tangu Alhamisi,
foleni imefika kwenye migomba,
na dizeli inanguruma hadi mabati ya ukuta
yanagongana meno.
Kageha ndiye aliyeendesha kinu,
kitambaa kichwani, kope nyeupe kwa unga
kama aliyezeeka asubuhi hiyo hiyo.
"Ngapi?"
Nikafungua mdomo. G ikakaa.
Nyuma yangu mtu akasema, "Mpe kalamu, huyo hasemi."
Mwingine akanimalizia:
"Mbili. Mama yake huleta mbili."
Zilikuwa tatu.

Kageha akainama, akakata mafuta.
Injini ikakohoa, ikafa.
Lo, kimya kile!
Wanaovijua vinu vya dizeli wanajua:
kuiwasha tena ni mpini na mabega,
ni jasho, ni dua, na matusi kidogo.
Foleni ikaguna.
Akawaambia, si kwa ukali,
kama anayetaja bei tu:
"Kinu kitangoja. Kuna mtu anasema."

Mtu.
Niligeuka nyuma kuona ni nani.

Hakunisaidia. Hakutikisa kichwa kunisukuma,
hakunipa lile tabasamu la wauguzi.
Alijipangusa mikono, akakaa juu ya gunia
kama mwenye siku nzima.
G ikaja. Ikarudi. Ikaja na wenzake:
"Go, go, gorogoro tatu.
Na u-usisage laini sana, nyanya hapendi."
Hiyo ya nyanya sikutumwa.
Niliiongeza mwenyewe,
kwa raha ya kukuta kuna nafasi.

Sisemi ulimi ulinyooka. Haukunyooka.
Hata leo jina langu hunigharimu pumzi mbili.
Lakini nilishuka ule mteremko
debe limekaa sawa kichwani, sikulishika,
na mbwa wa kina Vihenda aliponibwekea
nikamjibu. Kwa sentensi nzima.
Alikuwa na subira, yule mbwa.

Jumatatu nikamkuta Asiligwa bombani, peke yake,
ameigeuza sweta ndani nje
ili vifungo visionekane.
Nilikuwa na maneno. Nimeyapanga usiku kucha
kama vikombe kabatini.
Halikutoka hata moja.
Nikasimama pale, shingo imevimba mishipa,
naye akinitazama,
na angekuwa na haki, wallahi angekuwa na haki,
kunipigia kiki.

Ndoo yake ilikuwa nusu.
Akafunga bomba.
Maji yakaacha kelele.

Sijui yeye ni nani aliwahi kumzimia injini,
wala lini, wala kwenye kinu gani.
Alikaa ukingoni mwa saruji,
akaweka mikono magotini,
akangoja.

Samahani huanza na S.
S ni ndefu.
Lakini hupita.